Bei ya Kina

Neno fedha lina vina vichache. Mtunzi akiliweka mwishoni mwa mshororo wa kwanza, hata kabla hajaanza wa pili anajua ameingia kichochoro chembamba. Kuna adha, kuna ladha, kuna karadha, kuna bughudha, kuna riadha, na baada ya hapo ghala linakaribia kuwa tupu. Hakuna kiambishi cha Kiswahili kinachoizaa silabi hiyo. Kitenzi hakinyambuliki kikaishia na dha, wala nomino haitiwi mkia ikafika hapo, na maneno yote niliyoyataja yalikuja na dha yao kutoka Uarabuni. Mtaa ninaokaa unaitwa Fedha, upande wa Embakasi, jirani na Tassia, Pipeline, Nyayo na Avenue Park. Katika miaka yangu ya kufundisha ushairi na kusahihisha insha juu yake, jina hili la mtaa limenifikirisha kuliko vitabu kadhaa vya arudhi. Ukiipima dha kando ya ni, au wa, au sha, unaona kwamba vina havina bei moja. Vingine sarufi huvigawa bure, vingine hununuliwa. Nimefikia kuamini kwamba nguvu ya kina katika shairi hutokana na kile ambacho mtunzi alitoa ili akipate, na kwamba ugomvi wetu mrefu juu ya vina umedumu kwa sababu pande zote mbili zimevitazama kama kitu cha kuwepo au kutokuwepo, bila kuuliza vimegharimu nini.

Nianze na vile vya bure. Neno la Kiswahili huishia kwa irabu, na irabu zetu ni tano tu. Juu ya hilo lugha ina mikia michache inayovishwa maelfu ya maneno: wa ya kutendwa, na ya kutendana, sha ya kusababisha, ka ya kutendeka, ni ya mahali. Hata mwenye Kiswahili cha kuombea maji anaweza kupanga mlangoni, jikoni, sokoni na kitandani akawa na ubeti usio na dosari ya vina. Chukua mshororo huu, nimeuunda makusudi: wageni wakaalikwa, na nyumba ikafagiwa. Mizani ni 16, nane kwa nane, na unaweza kuuendeleza mpaka jua lizame kwa kupikwa na kutandikwa upande mmoja, kufuliwa na kununuliwa upande wa pili. Sikio halishtuki hata mara moja, kwa kuwa sarufi ilikuwa imeshatuahidi sauti hiyo tangu tulipojua kwamba kuna mambo yanatendwa. Sasa weka kando yake kipande cha mizani nane tu: fedha si dawa ya adha. Maneno mawili ambayo hayana udugu wowote wa sarufi yamegonganishwa na sauti, na akili haina budi kuuliza yanahusiana vipi. Pengine itakubali kwamba fedha haiponyi adha; pengine itakumbuka ni mara ngapi fedha imeiponya. Vyovyote vile, imelazimika kufikiri. Hapo ndipo ninapoona kina cha kweli, katika mkutano wa maneno ambayo sarufi haikuwa na mpango wa kuyakutanisha.

Wapo watakaosema sauti zinazofanana ni tamu kwa zenyewe, na hazihitaji kutetewa kwa maana. Sikatai utamu huo, ila Kiswahili tayari kina utamu wa namna hiyo kwa wingi, tena katika usemi wa kila siku. Mtu akisema kitabu changu kizuri kimechanika, au watoto wangu wawili wamewasili, ngeli imeshampangia mlio wa ki na ch, wa wa na wa, na wala hakukusudia kutunga. Upatanisho wa kisarufi ni kama kina cha mwanzo wa neno, tulichopewa sote tangu utotoni. Majirani zetu Wasomali, ambao lugha yao hutawala maduka ya Eastleigh, walijenga ushairi wao mzima juu ya mwanzo wa maneno. Katika tungo zao kubwa kila mshororo sharti uwe na neno linaloanza na sauti ileile iliyochaguliwa, na sauti hiyo hushikiliwa tangu mwanzo wa utungo hadi mwisho. Sayyid Mohamed Abdulle Hassan alitunga hivyo dhidi ya wakoloni, na Hadraawi, aliyefariki Hargeisa mwaka 2022, alitunga hivyo dhidi ya udikteta. Kwao kuurudia mwanzo wa neno ni kazi, kwa maana lugha yao haiwapi marudio hayo bure jinsi ngeli zinavyotupa sisi. Washairi wa pwani yetu wangelichagua mwanzo wa neno wangekuwa wanachota maji baharini. Walikwenda mwisho wa neno, na hata huko, walio bora walijifunza kuikwepa mikia ya sarufi.

Shuleni mafunzo haya hayafiki. Katika mtihani wa KCSE, karatasi ya fasihi huuliza juu ya umbo la shairi, na mwanafunzi aliyefunzwa vizuri huandika kwamba lina beti tano, mishororo minne kila ubeti, vina vya kati na vya mwisho vinabadilika ubeti hadi ubeti kwa hiyo ni ukaraguni, au havibadiliki kwa hiyo ni mtiririko. Majibu hayo ni sahihi na yanastahili alama zake. Lakini baada ya kuyasoma kwa mamia mwaka baada ya mwaka, nimeona kwamba yanamfundisha kijana kuhesabu vina bila kuvisikia. Anaweza kutaja kwamba ubeti wa tatu una kina cha ta asijiulize kwa nini mtunzi alihitaji neno lile na si jingine. Jambo linalonihuzunisha zaidi ni namna tunavyofundisha uhuru wa mshairi. Inkisari, mazida, tabdila, kuboronga sarufi: tunaviorodhesha kama ruhusa, kana kwamba mtunzi amepewa likizo ya kuvunja lugha. Mimi naviona kama stakabadhi. Kila neno lililofupishwa, kila sentensi iliyopinduliwa kichwa chini ili neno fulani lifike mwishoni, inaonyesha mahali ambapo kina kilidai malipo. Swali la kumuuliza mwanafunzi ni kama malipo yalistahili. Mara nyingine mpinduo wa sentensi unalileta mwishoni lile neno zito ambalo ubeti mzima ulikuwa unalitafuta, na hapo hasara ya sarufi ni faida ya shairi. Mara nyingine mtunzi amevunja mifupa ya sentensi nzuri apate kuweka neno lisilo na kazi yoyote, na hapo amelaliwa.

Kuna jambo jingine ambalo usomaji wa kimya hulificha. Kiswahili hukaza sauti kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Katika fedha mkazo uko kwenye fe; katika karatasi uko kwenye ta. Kina chetu kwa hiyo kimewekwa kwenye silabi dhaifu, ile inayotamkwa kwa pumzi inayoishilizia. Waingereza hawafanyi hivyo. Kina chao huanzia kwenye irabu yenye mkazo na kuchukua kila kinachofuata. Niliwahi kuiona hii kuwa kasoro ya mfumo wetu, mpaka nilipotia maanani kwamba mfumo haukuundwa kwa ajili ya macho, wala kwa ajili ya kusoma kwa sauti ya taarifa ya habari. Shairi lilikuwa la kuimbwa. Mwimbaji akifika mwisho wa kipande huituliza sauti kwenye silabi ya mwisho, akaivuta, akaipandisha na kuishusha, na ile silabi dhaifu ndiyo inakuwa ndefu kuliko zote. Mkazo wa usemi unakaa kando kuupisha mkazo wa mahadhi. Kwa kusema hivi simaanishi kwamba kina kwenye karatasi ni maiti, ila kimelala, na anayelisoma shairi la Muyaka kwa harakaharaka kisha akasema vina vyake havimgusi, anamlaumu Muyaka kwa kosa la msomaji.

Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu na mwaka 1840, ananipa ushahidi mwingine wa thamani. Tungo zake nyingi zilikusanywa miongo kadhaa baada ya kifo chake, na Mwalimu Sikujua pamoja na Mwingereza W. E. Taylor, kabla ya William Hichens kuzichapisha kama diwani mwaka 1940. Katikati ya hapo zilikuwa zimekaa vinywani mwa watu. Vina na mizani ndivyo vilivyozishikilia, kwani mtu akilisahau neno la mwisho, neno lililotangulia humkumbusha linapaswa kusikika vipi, na akiweka neno lisilofaa, masikio ya walio karibu humkataa. Hata tunaposhika maandishi, kina kinaendelea kulinda. Hati za zamani za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu hazikuwa zikitenganisha e na i, wala o na u, na mara nyingi ziliacha ung'ong'o wa mb na nd usomwe kwa kubahatisha. Mhariri wa leo anapokwama huuliza neno lile linakaa kwenye kina gani. Tena kina hutunza lahaja. Mmvita husema mato, mtele, kitwa, kuteka. Sisi wa Kiswahili sanifu tunasema macho, mchele, kichwa, kucheka. Mato yakikaa kando ya moto yanaafikiana vizuri. Mhariri mwenye nia njema akiandika macho, amelisanifisha neno na kulivunja shairi. Hata neno letu la mwanzo liko hivyo: wako watu wa bara, hasa Tanzania, wanaotamka feza, na papo hapo kichochoro changu kinageuka barabara pana yenye meza, weza, cheza na mamia ya vitenzi vya kusababisha. Bei ya kina basi haiwezi kutajwa bila kutaja kinywa kinachokitamka.

Pingamizi kubwa kwa hoja yangu linatoka ndani ya mapokeo yenyewe, na nimekaa nalo muda mrefu. Kama kina cha bure hakina thamani, tuseme nini juu ya tenzi? Utenzi una vipande vinne vya mizani nane, vitatu vikiwa na kina chao kinachobadilika kila ubeti, na cha nne kikiwa na kina cha bahari kisichobadilika tangu mwanzo hadi mwisho. Bahari hiyo karibu daima ni silabi laini. Mwana Kupona binti Mshamu, alipomtungia binti yake Mwana Hashima wasia wa mwaka 1858, alichagua ya, ambayo kwa lahaja ya kaskazini hupatikana mwishoni mwa vitenzi visivyohesabika. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate alichagua ye katika Al-Inkishafi, utungo wenye mizani tofauti lakini wenye desturi hiyohiyo ya kurudi. Na wangefanyaje? Mwengo bin Athumani, katika Utendi wa Tambuka wa mwaka 1728, ana beti zaidi ya 1,100; angelichagua dha angekwama kabla ya ubeti wa kumi. Kwa kipimo changu, hivi ni vina vya bei rahisi kabisa, na bado hakuna mtu mwenye masikio atakayesema bahari ya Mwana Kupona haina nguvu.

Jibu langu ni kwamba bahari ina kazi nyingine kabisa. Vina vitatu vya mwanzo wa ubeti ndivyo vinavyokutanisha maneno. Kina cha nne kinarudi nyumbani. Msikilizaji wa utenzi hangoji kujua neno la nne litaafikiana na nini, analijua tangu ubeti wa kwanza. Anachongoja ni kufika. Mama anayemwachia binti yake maneno ya mwisho, akijua ugonjwa hautampa nafasi ya kuyarudia, anaweka mwishoni mwa kila ushauri sauti ileile, na sauti hiyo inakuwa kama mkono unaomgusa mtoto begani baada ya kila agizo. Haishangazi na haikukusudiwa kushangaza. Malipo yake hayako kwenye ubeti mmoja. Yako katika kuvumilia beti mia na ushei bila kuiacha hata mara moja. Kwa hiyo narekebisha kauli yangu bila kuiondoa. Kina hulipiwa kwa njia mbili, kwa ugumu wa neno au kwa urefu wa subira. Kina ambacho hakikulipiwa kwa njia yoyote kati ya hizo, kina cha jikoni na mlangoni katika ubeti mmoja wa kuchangamsha sherehe, hicho sina cha kukitetea.

Mfano ninaourudia zaidi darasani ni wa Abdilatif Abdalla. Alifungwa mwaka 1969 akiwa kijana wa miaka 22 kwa ajili ya kijitabu kilichouliza Kenya inakwenda wapi, na akakaa gerezani hadi 1972, sehemu kubwa ya muda huo ikiwa ya upweke hapa Kamiti, kaskazini ya jiji hili. Mashairi ya Sauti ya Dhiki, yaliyochapishwa 1973, aliyaandika kwenye karatasi za choo. Mtu angetarajia kwamba mfungwa aliyenyimwa kila kitu angeachana na masharti ya arudhi aseme uchungu wake kama unavyomjia. Alifanya kinyume chake. Alijifunga kwa vina na mizani kwa ukali ambao malenga wengi wa nje ya gereza hawakuweza, tena kwa Kimvita chake, bila kuomba radhi kwa Kiswahili sanifu. Wanafunzi huuliza kwa nini mfungwa aongeze minyororo. Ninavyoelewa mimi, sharti analojiwekea mtu mwenyewe si la jamii moja na lile analowekewa. Askari alimchagulia saa ya kula na saa ya kulala, lakini neno litakaloketi mwishoni mwa mshororo hakuna aliyemchagulia. Kila kina kigumu alichokishinda kilikuwa uamuzi wake, mahali ambapo maamuzi yote mengine yalikuwa yamechukuliwa. Na karatasi ikinyang'anywa, shairi lenye vina lina mahali pengine pa kukaa.

Mwaka mmoja baada ya kitabu hicho, 1974, Euphrase Kezilahabi alitoa Kichomi, na mjadala ambao bado haujaisha ukapamba moto. Upande mmoja walikuwa wanamapokeo, wenye kurejea kitabu cha Kaluta Amri Abedi cha 1954 kilichoitwa kwa haki Sheria za Kutunga Mashairi, wakisema utungo usio na vina na mizani si shairi. Upande wa pili walikuwa vijana wa chuo kikuu waliosema vina vinaipinda fikra ili ifuate sauti. Hoja hii ya pili ina ukweli ambao wanamapokeo hawakuujibu vizuri. Kwa kweli tulikuwa na mashairi maelfu, magazetini na redioni, ambayo fikra yake ilikuwa imefika pale ilipofika kwa kuwa tu neno lingine halikupatikana. Kezilahabi alichoka na kina cha bure, na mimi nachoka nacho pia. Lakini aliposhinda, na kwa maoni yangu alishinda mara nyingi, hakushinda kwa sababu alikitupa kina. Alishinda kwa kuwa alijilipisha mahali pengine, kwenye taswira zilizobebana kutoka mstari hadi mstari. Kithaka wa Mberia baada yake alijilipisha kwenye takriri na kwenye namna mistari inavyokaa kwenye ukurasa. Waliowaiga wakafikiri kuacha vina ni kuachiliwa deni, na ndiyo maana mashairi huru mengi tunayoletewa ni insha fupi zilizovunjwa mistari. Hizo nazo ni za bure, kama mlangoni na jikoni.

Kama kuna mtu aliyeonyesha kwamba uchaguzi huu ni wa kazi kuliko imani, ni Julius Nyerere. Alipomtafsiri Shakespeare, kwanza tamthilia ya Kaizari mwaka 1963 na baadaye Mabepari wa Venisi, aliandika mistari isiyo na vina, akiufuata mtindo wa Shakespeare, ambaye huwaacha wahusika wake wabishane bila vina na mara nyingi huviita anapotaka kufunga onyesho. Wanasiasa wanaobembeleza umati uwanjani wasingeaminika kama kila sentensi yao ingeafikiana na iliyotangulia. Lakini mtu huyohuyo alipoigeuza Injili na Matendo ya Mitume kuwa Kiswahili cha kuimbwa, akachapisha mwaka 1996, alitumia utenzi, na bahari yake, na subira yake yote. Kwa wale wanaosema kina ni kitu cha Waarabu tulichobandikwa, sina la kusema refu. Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma na Mkristo, alikitumia katika ngonjera zake bila kuomba kibali Maskati. Kitu kilichokaa katika lugha karne kadhaa na kutumiwa na kila dini na kila kabila hakina tena mwenyewe wa ng'ambo.

Pingamizi linalonisumbua kweli ni jingine, nalo halihusu uzuri. Kina hushawishi hata kikidanganya. Haraka haraka haina baraka: tumekubali. Haba na haba hujaza kibaba: tumekubali. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu: tumekubali, na watoto wengi wamenyamazishwa kwa hiyo. Jaribu kusema kuharakisha hakuleti heri, na ghafla ni maoni ya mtu mmoja, yanayoweza kubishiwa na yeyote aliyewahi kuokolewa na gari la wagonjwa. Mwaka 2000 watafiti wawili wa Marekani, Matthew McGlone na Jessica Tofighbakhsh, walichapisha jaribio juu ya jambo hili. Watu walipopewa misemo wasiyoijua, ile yenye vina waliiona ina ukweli zaidi kuliko misemo yenye maana ileile iliyoondolewa vina. Anayesikiliza kampeni za uchaguzi katika viwanja vya Eastlands hahitaji jaribio hilo ili ajue, lakini kuna sehemu yake moja inayonipa moyo. Wasomaji walipoambiwa mapema watenganishe maana na uzuri wa maneno, ushawishi ule ulipungua. Maana yake ni kwamba sikio linafundishika. Kijana anayejua kwamba wa ya kutendwa ni ya bure, na kwamba kuafikiana kwa sauti ni swali linalosubiri jibu la maana, ana kinga ambayo hesabu ya mizani haikumpa. Ndiyo sababu nataka kina kifundishwe zaidi ya kinavyofundishwa, na kwa namna nyingine.

Mafunzo hayo, nje ya darasa, yalianza zamani kando ya Barabara ya Outer Ring. Tangu Kalamashaka wa Dandora walipoanza kughani kwa Kiswahili na Sheng mwishoni mwa miaka ya 1990, hadi Khaligraph Jones aliyekulia Kayole na vijana wa Ethic walioibuka Umoja mwaka 2018, Eastlands imekuwa ikitunga arudhi mpya bila kuiandika. Wazee wa ushairi huzisikiliza nyimbo hizi kwa maneno yake, na baadhi ya maneno hayo nami nayakataa waziwazi. Lakini sikiliza vina. Mdundo wa muziki huu hauivuti silabi ya mwisho jinsi mahadhi ya pwani yalivyofanya. Hupiga pale usemi unapokaza, kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa hiyo kina cha silabi moja hakiwatoshi. Kwa sheria ya Amri Abedi, karatasi na rahisi vinaafikiana. Kwa mghani wa Kayole hilo ni bovu. Yeye anataka karatasi na nafasi, silabi mbili, na akiweza tatu. Amejipandishia bei mwenyewe. Vilevile Sheng imemletea maneno yanayokatika kwa konsonanti, job na mob na majina ya mitaa kama Donholm na Greenspan, ambayo mfumo wa zamani haukuwa na pa kuyaweka, naye anayapatia wenzao. Na ile mikia ya kutendwa na kutendana inamfaa kidogo tu, maana wa pekee yake haitoshi tena. Sharti na silabi iliyotangulia iitike.

Chukua neno keja, ambalo hapa kwetu ni nyumba, hasa ya kupanga. Kwa kina cha zamani lingeketi na ngoja, taja, haja, mamoja, chochote chenye ja. Kwa kina cha mtaa linadai eja nzima, na maneno yanakuwa machache kama yale ya dha. Mojawapo ya machache hayo ni rejareja. Mtu akiyaweka mwishoni mwa mistari miwili inayofuatana, unga wa kupimiwa kwa kikombe unaingia ndani ya nyumba yenyewe, pamoja na mafuta ya kupima na sabuni iliyokatwa vipande, na msikilizaji wa Pipeline au wa Tassia anaona kwamba hata chumba anachokaa anakinunua hivyohivyo, mwezi kwa mwezi, kidogo kidogo, na tarehe tano ikifika anaanza kukinunua upya.